Alama Moja Mwanzoni: Kwa Nini Excel Inakurudishia Fomula Badala ya Jibu

Desemba iliyopita niliaibishwa mbele ya kina mama 18 na alama ndogo kuliko punje ya mchele. Alama yenyewe ni hii hapa: =

Stori iko hivi. Mathe ndiye mweka hazina wa chama chao hapa mtaani. Miaka yote hesabu zake zimekuwa kwenye daftari kubwa la jalada gumu, kalamu ya bluu kwa michango, nyekundu kwa mikopo. Mwaka jana wenzake wakasema imetosha, chama kiingie dijitali kama vyama vingine. Na kwa sababu nyumbani mtu mwenye lapi ni mimi, na mtaa mzima unajua niliacha chuo mwaka wa pili kwa hivyo eti niko na wakati, kazi ikaniangukia.

Nikaingiza yote kwa Excel ndani ya siku mbili. Kolamu ya kwanza majina, ya pili namba za simu, ya tatu mchango wa kila mtu kwa mwaka. Siku ya mkutano nikachomeka waya kwa TV ya sebuleni, jedwali likajaa kioo chote. Kina mama wakafurahi, kila mmoja akatafuta jina lake. Mathe alikuwa amekaa wima, ile ya mzazi ambaye leo mtoto wake hajamwangusha.

Halafu mama mmoja akasema, "Sasa mwanangu, hapo karibu na namba ya simu tuwekee gawio la kila mtu, tuone."

Rahisi. Nikaongeza kolamu mpya katikati ya simu na mchango. Gawio lilikuwa asilimia 12 ya mchango, kwa hivyo nikaandika =D2*0.12, nikabonyeza Enter, nikaandika hivyo mstari kwa mstari hadi chini.

TV ikaonyesha: =D2*0.12. Chini yake =D3*0.12. Chini yake =D4*0.12. Hivyo hivyo mpaka mwanachama wa mwisho. Hakuna hata shilingi moja, ni maandishi tu yamesimama kama nilivyoyaandika. Nikadhani labda jumla itaonyesha uhai, nikaenda pembeni nikajumlisha kolamu yote ya gawio. Jibu likatoka: 0.

"Kwa hivyo mimi nimeweka pesa mwaka mzima nipate D7?" mmoja akauliza. Watu wakacheka. Lakini si wote. Mwingine, akimwangalia mathe wala si mimi, akauliza polepole: "Na hiyo sufuri ni ya nini, mweka hazina?"

Kama umekulia karibu na chama unajua swali hilo lina uzito gani. Sufuri ikitokea mbele ya mweka hazina, hata ikiwa imeletwa na mashine, inakaa mlangoni kwake. Nikaanza kutokwa na jasho. Nikachagua kolamu yote, nikaenda pale juu panapoandikwa "Text", nikabadilisha ikawa "General". Hakuna kilichobadilika. Nikarudia. Hakuna. Ile fomula ilikuwa sahihi, hesabu ilikuwa sahihi, na bado mashine ilikuwa inanisomea nilichoandika badala ya kukifanya.

Mathe akanyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na daftari lake. Alikuwa amepiga hesabu ya gawio usiku uliotangulia, kwa mkono. Akasoma jina moja moja na kiasi chake, kina mama wakathibitisha, mkutano ukaendelea. Nilikuwa bado nimeshika lapi kama sahani tupu. Na mlangoni wakati wa kuondoka nikasikia mtu akisema, si kwa sauti ya chini sana, "Ndiyo maana chuo kilimshinda."

Usiku huo sikulala mpaka nikajua kilichotokea. Nilidhani nitapata jibu la mistari miwili. Nilipata stori inayoanza 1978, na tangu niijue sijawahi kukwama tena. Tiba nitakupa, usijali. Lakini nikikupa tiba bila stori utaikariri leo na kuisahau kesho, kama tu formula za fizikia.

Tuanze kabla ya kompyuta. Wahasibu wa zamani walikuwa na karatasi kubwa zenye mistari ya wima na ya mlalo, zinazotandazwa mezani ili uone hesabu zote pamoja. Kwa karatasi hiyo hakuna kuchanganyikiwa. Ukiandika "Unga" kila mtu anaona ni neno. Ukiandika "450" kila mtu anaona ni pesa. Anayesoma ni binadamu na binadamu anajua. Shida ya karatasi ilikuwa nyingine: ukikosea namba moja juu, unafuta na kuandika upya kila kitu kinachoitegemea chini yake.

Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa shahada ya biashara pale Harvard Business School, Marekani. Darasani alimwona profesa akichora jedwali la hesabu ubaoni, na kosa moja likitokea, ni kufuta na kuandika upya namba moja baada ya nyingine. Bricklin, ambaye alikuwa amesomea kompyuta MIT, akawaza: vipi kama ubao wenyewe ungejua namba hii imetokana na ile, halafu ujirekebishe wote ukibadilisha moja? Akatengeneza jaribio la kwanza, kisha akamwita rafiki yake wa MIT, Bob Frankston, aandike programu kamili. Frankston alifanya kazi usiku, kwa sababu kompyuta kubwa waliyokuwa wakiitumia kwa kulipia muda ilikuwa bei nafuu usiku. Kama umewahi kungoja bando za usiku ndiyo udaunilodi, wewe na Frankston mnaelewana.

Programu ikaitwa VisiCalc, ikaingia sokoni 1979, kwa kompyuta ya Apple II. Ikabadilisha kila kitu. Kabla yake kompyuta ndogo ilikuwa kitu cha wapenda mashine. Baada yake wenye biashara wakawa wananunua kompyuta nzima ili tu wapate VisiCalc.

Sasa ingia ndani ya viatu vya hao wawili. Mashine wanayoiandikia inahitaji kumbukumbu ya kilobaiti 32 kuendesha programu yao. Picha moja unayotumiwa WhatsApp ni kubwa mara kadhaa kuliko hiyo. Kibodi ya Apple II ina mishale miwili pekee, wa kushoto na wa kulia. Hakuna wa juu wala wa chini, ikabidi watumie kitufe cha nafasi kubadilisha mwelekeo. Herufi zote ni kubwa. Kila baiti inahesabiwa, kila kubonyeza kunahesabiwa.

Na wana swali ambalo karatasi haikuwahi kuwa nalo: mtu akianza kuandika ndani ya kisanduku, mashine itajuaje kama anaandika jina au anatoa amri ya kupiga hesabu? Mashine haina macho ya binadamu. Ungeweza kumuuliza mtu kila mara, "Hii ni neno au ni hesabu?" Lakini fikiria kuulizwa hivyo mara 500 kwa siku. Ungeitupa kompyuta dirishani.

Wakaamua hivi: mashine itaangalia kitufe cha kwanza tu. Ukianza na herufi, basi unachoandika ni lebo, yaani maandishi ya kusomwa na watu. Ukianza na tarakimu, basi ni thamani, yaani kitu cha kuhesabiwa. Kitufe kimoja, uamuzi umefanywa, endelea na maisha.

Uamuzi mzuri sana, ila una shimo. Visanduku vyenyewe vina majina yanayoanza na herufi: A1, B7, D2. Kwa hivyo ukitaka kujumlisha A1 na A2, ukaandika A1+A2 kama unavyoongea, mashine inaona herufi A mwanzoni na kusema, sawa, hilo ni jina. Inaliandika vile vile. Hakuna hesabu.

Umeona? Hiyo ndiyo aibu yangu ya Desemba, na ilikuwepo tangu 1979. Fomula inayoonekana kama maandishi si virusi, si kompyuta yako imezeeka. Ilizaliwa siku moja na lahajedwali la kompyuta, ni pacha wake.

Dawa ya VisiCalc ilikuwa kuweka alama mbele. Ukiandika +A1+A2, ile + ya kwanza haijumlishi chochote. Kazi yake ni kubisha hodi, kuiambia mashine "ninachokuja nacho ni hesabu." Kazi za tayari, kama kujumlisha orodha nzima, zilianza na @, ikawa @SUM. Na ukiwa na shida ya kinyume, yaani neno linaloanza na tarakimu, unatanguliza alama ya kunukuu ili mashine ijue ni maandishi. Alama moja mwanzoni inaamua hatima ya yote yanayofuata.

Mwaka 1983 akaja mrithi, Lotus 1-2-3, ya kompyuta za IBM. Ilianzishwa na Mitch Kapor na kuandikwa na Jonathan Sachs, na Kapor hakuwa mgeni, alikuwa amewahi kutengenezea kampuni iliyouza VisiCalc programu nyingine. Lotus ikaimeza soko. Kama una mjomba au mwalimu aliyesomea kompyuta miaka ya 80 au 90, muulize, atakutajia Lotus kwa sauti ile watu hutumia kutaja ex wa zamani.

Lotus ilichukua ile sheria ya alama ya kwanza na kuipamba. Kwa hesabu, bado + na @. Kwa maandishi, ikaleta alama zake: ritifaa ilimaanisha maandishi yakae kushoto, alama ya kunukuu yakae kulia, na ^ yakae katikati. Ukiandika neno la kawaida, Lotus yenyewe ilikuwekea ritifaa mbele.

Ritifaa unaijua, ni ile ya ng'ombe na ng'ambo, mwalimu wa Kiswahili alitusumbua nayo darasa la nne. Sasa fungua Excel yako leo, andika ritifaa halafu =2+2. Utaona =2+2, si 4. Na ile ritifaa yenyewe haionekani kwenye kisanduku, inaonekana tu ukibofya na kuangalia mstari wa fomula pale juu. Hiyo ni Lotus ya 1983 inakusalimia. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na IBM 1995, programu ikaachwa kabisa 2014, lakini ritifaa yake bado iko kazini.

Excel yenyewe ilitoka 1985, kwanza kwa Macintosh, ikaja Windows 1987. Yenyewe ikachagua alama ya sawasawa: fomula inaanza na =. Lakini Microsoft walikuwa na tatizo la kibiashara. Dunia nzima ya wahasibu ilikuwa Lotus, na vidole vya mhasibu havisahau. Kwa hivyo Excel ikakubali tabia za zamani kimyakimya. Ukianza na + inakubali, inakuongezea = mbele. Ukiandika @SUM inaigeuza kuwa =SUM.

Ndiyo maana, kama umewahi kufungua faili ya mhasibu wa rika fulani, unakuta fomula zinaanza na =+ kila mahali: =+B4+B5. Mimi nilikuwa nadhani ni kukosa kujua. Manze, ni historia. Huyo mtu alijifunza kwa Lotus, au alifunzwa na mtu wa Lotus, na hiyo + ni ile hodi ya 1979, bado inapigwa kwenye mlango ambao sasa una kengele.

Excel walikuwa waangalifu kufuata nyayo hizo mpaka wakanakili hata kosa. Lotus iliamini mwaka 1900 ulikuwa mrefu, wenye Februari 29, na haukuwa. Excel ikaweka siku hiyo hiyo isiyowahi kuwepo, ili tarehe za faili za Lotus zisiharibike. Mpaka leo Excel inaamini siku hiyo ilikuwepo. Na ukiingia kwenye mipangilio ya Excel ya kompyuta, sehemu ya mambo ya ndani zaidi, utakuta jina Lotus limeandikwa waziwazi.

Mpaka hapa ungesema: basi mimi niliandika = vizuri, alama ya kwanza ilikuwa sahihi, kwa nini nikaaibika? Kwa sababu Excel iliongeza mlinzi mwingine mlangoni. Kila kisanduku kina aina yake: namba, tarehe, pesa, asilimia. Na kuna aina inayoitwa Text. Kisanduku cha Text kinamaanisha, "Chochote kitakachoandikwa hapa, kichukue kilivyo. Usikifikirie." Hata kikianza na =. Hodi yako haisikiki, mlinzi amevaa earphone. Na cha kuchekesha, ndani ya Excel msimbo wa aina hiyo ya Text ni @. Alama iliyokuwa ikifungua hesabu kwa Lotus, huku ndiyo inazifunga.

Sasa rudi sebuleni kwetu. Kwa nini kisanduku cha gawio kilikuwa Text wakati sikukiambia kiwe hivyo? Kwa sababu ya namba za simu. Namba za Kenya zinaanza na 07 au 01. Ukiandika 07 na kuendelea kwa kisanduku cha kawaida, Excel inaona tarakimu mwanzoni, inasema hii ni thamani, na kwa hesabu sufuri ya mbele haina maana. Inaikata. Kwa hivyo mimi, kama kila Mkenya aliyewahi kuandika orodha ya simu, niligeuza kolamu ya simu kuwa Text ili sufuri zibaki. Nilifanya vizuri.

Lakini ukiingiza kolamu mpya, Excel inairithisha aina ya jirani wa kushoto. Jirani wa kushoto wa gawio alikuwa namba za simu. Gawio likazaliwa likiwa Text. Nikaandika fomula, ikachukuliwa kama maandishi. Nikajumlisha, na SUM ikikutana na maandishi inayaruka tu, haikwambii kitu. Ikaruka visanduku vyote 18, ikabaki na 0. Kwa ufupi, kuokoa sufuri ya simu ndiko kulikozaa sufuri ya jumla.

Na kwa nini kubadilisha kuwa General hakukusaidia? Hapa ndipo wengi wanakwama, na hapa ndipo historia inalipa. Kumbuka uamuzi wa 1979: mashine inaamua kama ni lebo au thamani wakati unaandika, na ukibonyeza Enter mambo yameisha. Hairudi nyuma. Ukibadilisha aina ya kisanduku baadaye, umebadilisha sheria ya mambo yajayo tu. Kilichoandikwa tayari kinabaki na hukumu yake ya kwanza mpaka ukiwasilishe upya.

Kwa hivyo tiba ni hii, na sasa utaielewa badala ya kuikariri.

Kwanza uliza: ni kisanduku kimoja, kolamu moja, au shiti yote? Kama shiti yote imegeuka fomula na kolamu zimejipanua ghafla, hujaharibu kitu. Umebonyeza Ctrl pamoja na ile alama ndogo ` iliyo chini ya Esc kwa kibodi nyingi. Hiyo ni njia ya kuonyesha fomula zote ili uzikague. Bonyeza tena, majibu yanarudi.

Kama ni kolamu moja au visanduku kadhaa, angalia pale juu kama ni Text. Ikiwa ndiyo, geuza kuwa General, halafu, hii hatua ya pili ndiyo sikuijua, iwasilishe fomula upya. Kwa kisanduku kimoja bonyeza F2 kisha Enter. Kwa vingi, chagua kolamu, fungua Ctrl+H ya kutafuta na kubadilisha, tafuta = na uibadilishe na = hiyo hiyo. Inaonekana upuzi, kubadilisha kitu na chenyewe. Lakini unachofanya ni kuilazimisha Excel isome kila kisanduku tena kama kimeandikwa sasa hivi.

Kama si Text, bofya kisanduku uangalie mstari wa fomula. Kuna ritifaa mbele ya =? Ifute. Umesahau = kabisa? Iweke. Ulinakili fomula kutoka mtandaoni? Huenda imekuja na herufi isiyoonekana mwanzoni. Iandike upya kwa mkono wako, utamaliza haraka kuliko kuitafuta. Google Sheets nayo ina aina yake ya "Plain text" inayofanya ukaidi huo huo.

Na ukiongeza kolamu kando ya namba za simu, angalia aina yake kabla ya kuandika chochote. Kabla. Nimelipia hilo somo.

Usidhani hii ni shida ya watu wa chama na vijana walioacha chuo. Upande wa pili wa uamuzi ule, mashine kudhani maandishi ni thamani, uliwasumbua wanasayansi wa jeni kwa miaka. Kuna jeni za binadamu zilizokuwa na majina kama SEPT1 na MARCH1. Ukiandika hivyo kwa Excel, inaona tarehe: tarehe 1 Septemba, tarehe 1 Machi. Tahadhari ilichapishwa mapema 2004. Mwaka 2016 watafiti walipopitia makala za jeni zilizoambatanisha orodha za Excel, karibu moja kati ya tano ilikuwa na majina yaliyoharibiwa hivyo. Mwishowe, 2020, kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikakubali yaishe: SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Yaani ilikuwa rahisi kubadilisha majina ya jeni kuliko kubadilisha Excel. Microsoft walikuja kuweka njia ya kuzima ugeuzaji huo 2023.

Na wezi wa mtandaoni nao wanaijua historia hii. Mtu anaweza kujaza fomu ya tovuti, mahali pa jina akaandika kitu kinachoanza na =, akijua siku moja mtu wa ofisini atapakua orodha na kuifungua kwa Excel, na hapo "jina" litageuka amri. Wataalamu wa usalama wanawaonya waandishi wa mifumo wachunge hasa alama nne mwanzoni: =, +, - na @. Angalia hiyo orodha vizuri. Ni VisiCalc, Lotus na Excel zimepangwa foleni. Na kinga moja inayopendekezwa ni kutanguliza ritifaa. Kwa hivyo siku ukipakua ripoti na kukuta fomula zimelala kama maandishi, huenda kuna mtu alizilaza makusudi, kwa ajili yako.

Ndiyo maana mimi sikasiriki tena na Bricklin na Frankston. Walikuwa na kilobaiti 32 na mishale miwili, wakachagua kitu kilichofanya kazi. Hawakujua kwamba miaka zaidi ya 40 baadaye mama fulani Kenya angeulizwa "hiyo sufuri ni ya nini" kwa sababu yake. Kinachonikasirisha ni kwamba nimefundishwa Excel mara mbili, shuleni na chuoni, na mara zote mbili niliambiwa "anza na =" kama amri ya mbinguni. Hakuna aliyesema kwa nini. Ukifundishwa bila kwa nini, unajua kitu mpaka siku kinapokataa. Siku hiyo, mbele ya watu, huna pa kushika.

Na nitasema hili kisha niishie. Watu wa VisiCalc waligawanya kila kinachoandikwa mara mbili: lebo na thamani. Ile fomula yangu siku ile ilikuwa lebo kwa TV, lakini hakuna kilichokuwa kimepotea ndani yake. Asilimia 12 ilikuwepo, D7 ilikuwepo. Ilisomwa vibaya mara ya kwanza, na hakuna aliyeisoma tena. Yule aliyesema chuo kilinishinda naye alisoma kitufe cha kwanza akabonyeza Enter. Sina neno naye. Mimi mwenyewe nimewasoma wengi hivyo, hata wale wa =+.

Machi mwaka huu nilichomeka tena waya kwa TV. Nikaongeza kolamu, nikaangalia aina yake, nikaandika =, shilingi zikashuka moja moja hadi jina la mwisho. Jumla ikatoka, na haikuwa sufuri. Mathe alikuwa na daftari lake mapajani, kalamu mkononi, akifuata kila mstari na kidole.

Zilikubaliana zote. Bado analibeba kila mkutano, na siwezi kumwambia aliache.